Michongoma Inangoja Mvua

Nani amekudanganya kwamba michongoma inahamishwa wakati wa kiangazi? Juzi hapa Gahanga nimekuta mjukuu wangu Keza amepanda miche ya ua saa sita mchana, yote imelala chini. Nikawaka.

Zamani mbuzi za jirani zilikuwa zinamaliza maharage yetu, na mama ameacha miche yake ya ua kivulini tu. Mimi mtoto nilikasirika, nikidhani anamwogopa jirani. Alasiri moja mvua kubwa ikashuka, udongo ukanukia, mama akatoka kuipanda, analowa huku anacheka.

"Leo haumwogopi?"

"Nimwogope nani? Nilikuwa nangoja ardhi ilainike."

Keza alinisikiliza, akanishika mkono. "Nyogokuru, bibi yangu, hii iliyobaki bila kupandwa naiweka kwenye kivuli. Tutaipanda pamoja mvua ikishika."