Kaswera mwenye kusikia kwa macho

Watu wa Mbunya, mutaa yetu mu Bunia, watawaambia kama Kaswera alizaliwa na masikio yenye kufungwa. Ni uongo, na mimi najua uongo, kwa sababu sehemu kubwa ya uongo ya hii avenyi, barabara yetu, ilitoka kwangu, muke muzee mwenye wote wanamuita Koko. Ni mimi nilisema kama wakati ya vita nilipitisha mbuzi kwa bariere tatu, nimeivalisha kikwembe na kitambaa ya kichwa, na askari wa bariere ya tatu akaisalimia "mama". Watu walicheka mpaka wakatoka machozi. Mu ile miaka mutu alikuwa na lazima ya kucheka. Lakini ya Kaswera sitaongeza kitu. Mutaona sababu.

Alitoka Butembo na bwana yake, Liévin, wakati walitangaza kama vita ya Ituri imeisha. Imeisha, ilikuwa neno ya redio. Mchana tulifungua maduka, tulioa, tulibatiza watoto, na nyuma ya kila mulango kulikuwa kifuko tayari: nguo mbili, unga kidogo, karatasi za mutu. Liévin alileta mashini ya kusaga mihogo na mahindi, akaiweka mu kibanda ya mabati. Miaka tatu ikapita, homa ikamutwaa Liévin, Kaswera akabaki na mashini. Ile mashini iko na sauti ya ndege yenye inatafuta nafasi ya kuanguka. Ilikula masikio yake pole pole, kwanza ya kushoto, kisha ya kuume. Akajifunza kuangalia midomo. Unaweza kumutukana kutoka ng'ambo ya barabara bila kutoa sauti, atakujibu. Nilijaribu mara mbili.

Ile wakati, munganga Alphonsine wa sentre ya afya alitangaza kanisani kama kuko chumba ya kusikiliza watu. Mwenye hapati usingizi, mwenye anaruka akisikia mulango inapigwa, mwenye analia bila kujua anamulilia nani, aingie, aongee, hakuna mutu atamucheka. Neno nzuri. Lakini mulango ya ile chumba ilikuwa mbele kabisa ya benchi ya wamama wenye kupimisha watoto kilo. Ukiingia pale asubuhi, kabla ya bugali ya magaribi avenyi yote inajua kama kichwa yako imeharibika, na binti yako hataolewa. Miezi tatu hakuna mutu aliingia, isipokuwa mimi, na mimi niliendaka kulala, juu ya vile ndani mulikuwa kitanda.

Alphonsine akaona kama watu hawatakuja, akasema basi chumba iende kwao. Akafundisha mutu moja wa kila avenyi jinsi ya kusikiliza. Kwetu akachagua Kaswera. Mama Gentille mwenye kuuza makayabo, samaki ya chumvi, akamwuliza:

"Munganga, watu wote walikosa, mukatwaa kiziwi ndiye atusikilize?"

"Weye unasikia vizuri sana, Mama Gentille," Alphonsine akajibu. "Ndiyo maana sikukutwaa."

Kaswera hakuandika kitu ku mulango yake. Aliweka tu viti mbili nyuma ya mashini. Kila muke wa Mbunya anaendaka kusaga, hakuna mwenye anauliza unafanya nini pale. Mashini inalia, wenye kungoja inje hawasikii kitu, na Kaswera anaangalia midomo yako kama vile mutu anasoma barua. Hakukata mutu neno. Ukiwa na mambo mingi, anasaga pole pole. Mambo yenye ilimushinda, alikuwa anaipeleka kwa Alphonsine, kwa mulango ya nyuma. Tulianza kuona wamama wengine wanagawa beseni moja mara mbili, ili wapate safari mbili. Siye wengine tulijifanya hatuoni. Ni heshima yenye tulikuwa nayo.

Sasa ya Vahwere.

Vahwere alikuwa jirani yangu, muke kijana, mwenye mutoto moja wa miaka tatu, Patience. Bwana yake, Katsuva, alienda kuchimba zahabu upande wa Mongbwalu. Siku moja habari ikakuja kama kilima kiliporomoka juu ya watu. Walitoa wengine, wengine wakabaki ndani. Jina ya Katsuva haikuwa kati ya wafu, haikuwa kati ya wenye walipona. Ndugu yake, Théodore, fundi wa moto, ni kusema pikipiki, alienda kuangalia, akarudi na mikono tupu. Familia ikashindwa: bila maiti utakalisha matanga namna gani? Ikabaki vile. Watu wakaacha kutaja Katsuva mbele ya Vahwere, wakisema wanamuhurumia. Yeye akaacha kula.

Nikamuhurumia na mimi, kwa njia yangu. Siku moja nilikaa kwake nachambua sombe, majani ya muhogo, nikamwambia: "Kuko muchuuzi wa samaki alipita. Anasema aliona Katsuva Mahagi-Port, ku ziwa. Anavuta nyavu. Anasema, salimia muke yangu."

Vahwere akainua macho. Akaomba bugali. Akala, akaomba ingine. Mimi nikarudi kwangu najisifu kama munganga mukubwa wa Bunia.

Kesho yake akauliza: "Muchuuzi alisema nini tena?" Nikaongeza ndevu. Siku yenye ilifuata nikaongeza shati nyeupe, kisha alama kidogo juu ya jicho, mti ya mtumbwi ilimupiga. Kila siku alikuwa anangoja kipande yake, na mimi, mutu wa hadithi, utaninyima masikio yenye kunitaka vile?

Kisha nikaona kazi ya mikono yangu. Asubuhi na mapema Vahwere anaogesha Patience, anamuvalisha robe yake ya kanisa, ya Siku ya Mungu, wanaenda kusimama kwa barabara ya Mahagi, mpaka jua inaingia. Kila kamiyo, lori ya mizigo, yenye inapita, anainua mutoto juu ili baba yake amuone. Mutoto anarudi na vumbi mpaka mu meno, hajala. Mutu moja akamwambia Vahwere kama wafu hawapandaki kamiyo, na Vahwere akamupasua mudomo kwa jiwe.

Théodore akasema imetosha. Jumatatu atamupeleka kwa nyumba moja ya maombi, ng'ambo ya muto, pahali wanafungaka wagonjwa kwa nguzo na kamba mpaka pepo itoke. Na mutoto ataenda Boga kwa shangazi. Nilijua muke moja mwenye alifungwa mule. Alirudi na alama za kamba ku mikono, na ile yenye ilimupeleka alirudi nayo vilevile.

Ijumaa niliweka mihogo kidogo mu beseni nikaenda kwa mashini. Kaswera akaangalia ndani.

"Koko, hii haijazi hata kikombe. Ulikuja kusaga nini?"

"Ulimi yangu."

Akanionyesha kiti. Nikaanza kueleza, akainua mukono. "Pole pole. Mudomo yako inakimbia."

Nikarudilia pole pole. Ni mara ya kwanza nilisikia uongo yangu bila mutu wa kucheka. Nilipomaliza, hakunigombeza. Aliuliza tu kama kuko mutu mwingine mwenye anajua.

"Mungu," nikasema. "Lakini yeye hasemaki."

"Kesho utamwambia Vahwere weye mwenyewe. Théodore pia atakuwa hapa."

"Ile kijana atanipiga, Kaswera."

"Pengine."

Siku ya posho, Jumamosi, Kaswera alifanya kitu yenye hatujaona: alizima mashini saa nne ya asubuhi, akaambia wamama warudi kisha saa sita ya mchana. Kimya ile ilinitisha kuliko kelele. Théodore alisimama ku mulango na spana, ufunguo ya kufungulia moto, mu mukono. Vahwere alikaa, Patience ku mapaja, wote wawili wamevaa tayari kwa barabara. Nikasema kama hakuna muchuuzi, hakuna nyavu. Nilitunga.

Théodore akacheka, cheko mubaya. "Koko, sasa tuamini nini? Ulidanganya ile siku, ao unadanganya leo?"

"Walimutuma," Vahwere akasema, bila kuniangalia. "Wanataka niache kungoja."

Miaka yote nilikuwa na furaha kama hakuna mutu ananiamini. Ile asubuhi nilitaka waniamini. Nikaona iko njia moja tu, kuifumua kipande kwa kipande, kama vile unafumua nywele.

"Ile shati nyeupe," nikamwambia, "ni ya bwana yangu, muzee Alexis. Tulimuzika nayo. Ndevu ni ya mwalimu Laurent. Alama juu ya jicho, angalia." Nikaondoa kitambaa ya kichwa, nikamuonyesha yangu. "Ni mbuzi ilinipiga. Mahagi-Port yenyewe sijafika. Sijui hata kama maji yake ni ya kijani ao nyeusi."

Vahwere akaangalia ile alama. Kisha akasema, sauti kidogo, macho kwa Kaswera ili amusome:

"Nilijua. Siku ya kwanza nilijua. Katsuva hawezi kusema salimia muke yangu. Hakuniitaka vile. Ananiitaka Mama Patience, hata akikasirika."

"Na juu ya nini ulikuwa unangoja kila siku?" Théodore akauliza.

"Juu Koko peke yake alikuwa anataja jina yake. Ninyi mulimuzika mu vinywa vyenu. Weye pia, Théodore. Ni ndugu yako."

Nilidhani atajibu kwa hasira. Alivuta telefone mu mufuko, ile ya kizamani ya vibonyezo. "Numero yake," akasema. "Napigaka. Kila siku, nikifunga karakana. Mwanamuke wa ndani ya telefone ananiambia mutu haiko." Akakaa chini juu ya gunia ya mahindi, unga ikamupaka suruali, hakuifuta.

Kaswera hakuwahubiria. Aliuliza tu: "Jumatatu?"

"Sijui," Théodore akasema. "Asimame tena kwa barabara na mutoto, nitamupeleka. Naapa nitamupeleka."

"Mutoto abaki kwa Koko. Yeye aje hapa kila asubuhi. Alphonsine atamuangalia kwa mambo ya usingizi. Na weye uje pia, siku yenye moto zinakosa kuharibika."

Jumatatu Théodore hakumupeleka. Jumanne pia. Vahwere alikuja kwa mashini siku sita, akalala usiku mbili kati ya hizo sita. Nitawadanganya nikisema alipona.

Siku ya saba hakuja. Nilifunga Patience ku mugongo, nikamukuta kwa barabara ya Mahagi, peke yake, anaangalia kamiyo ya samaki inapanda. Kama Théodore angepita, angemupeleka kwa ile nyumba ya kamba, na ilikuwa mwisho. Nikasimama karibu.

"Koko," akasema, "niambie ya shati nyeupe. Kidogo tu. Najua ni uongo, niambie vile vile."

Nilikuwa na maneno tayari, nawaapia. Shati imepauka, ameshona kifungo mupya, ameuliza kama mutoto anaanza kusoma. Ilikuwa yote mu kinywa yangu, tamu. Nikafunga kinywa. Nikatandika kikwembe chini mu vumbi, nikakaa, nikamuvuta akae. Kisha nikamugeukia uso kwa uso, kama vile Kaswera anafanyaka.

"Mimi simujui Katsuva," nikamwambia. "Niambie weye. Alikuwa anapenda kula nini?"

Kamiyo mbili zikapita, akazitazama zote mbili mpaka zikapotea. Patience alikuwa amelala.

"Hakupendaka samaki," akasema. "Hata kidogo. Harufu yake ilikuwa inamurudisha inje."

Na tukabaki pale, yeye anaongea, mpaka jua ikawa kali na nikamwomba turudi.