Mfalme Aliyemwogopa Mtumishi

Kwetu Solo, mji wa kisiwa cha Java nchini Indonesia, Kijava kina lugha ya heshima kwa wakubwa na lugha ya chini kwa watumishi. Siku hiyo mwalimu wetu wa maigizo, Bu Lastri, yaani Mama Lastri, bibi wa miaka sabini, alinipa mimi ufalme, yeye akawa mtumishi. Akapiga magoti miguuni pangu. Nikamwagiza chai kwa lugha ya heshima! Darasa zima likaangua kicheko.

“Mfalme gani wewe, unamnyenyekea mtumishi? Nifokee!”

“Siwezi, Bu. Wewe ni mwalimu wangu.”

“Mwalimu nimemwacha mlangoni na viatu vyake.”

Nikamtazama. Mgongo umepinda, macho hayanijui kabisa. Bu Lastri hakuwemo mle.

“Chai, we kizee!” nikafoka kwa lugha ya chini.

Akainuka akaenda, akarudi mikono mitupu, akaninyooshea kikombe ambacho hakikuwapo. Nikakipokea. Kikaniunguza vidole.