Skrubu za Inchi Tatu

Siku Baba Wambui, msimamizi wa kiwanda cha mbao Elburgon, alipokuja kwangu Nakuru kuamua kama nitamwoa bintiye, nilitundika nguo zangu zote kwenye kulabu nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Mlango ni wa plaiwudi, mtupu ndani. Kwa hofu kwamba kulabu ingeng'oka, niliifunga kwa skrubu za inchi tatu. Upande wa sebuleni sikuuangalia.

Mzee alisimama kuomba, mgongo mlangoni. Baada ya "Amina" koti lake, lililonaswa na ncha za skrubu zilizotokeza, likakataa kubanduka.

"Mwalimu, mlango wako unauma?"

"Ni fundi, mzee!" nilisema. "Alifunga vibaya."

Alijinasua, akakigeuza kiganja changu kilichojaa malengelenge ya bisibisi.

"Huyo fundi," akasema, "ana mkono kama wako."