Niliyoyasema Siku ya Kufungua Vyumba

Direkta alipotutangazia kwamba shule yetu ya watoto wasiosikia itaongezewa vyumba viwili vya michezo ya jukwaani, mimi niliguna, na sikuguna kwa siri. Darasa la pili lilikuwa linavuja mpaka watoto wanahamisha madawati kila mvua ikinyesha, na mlango wa choo cha wasichana ulikuwa kipande cha kitenge. Sasa tunajengewa mahali pa maonyesho? Direkta akaniambia, mama, waliotoa msaada wametoa kwa ajili ya vyumba hivyo, si kwa ajili ya paa lako. Nikasema haya, jengeni. Ndivyo nilivyo: nanuna kwanza, kisha nafanya kazi kuliko wote.

Kwa miezi kadhaa uwanja wetu hapa Kasongo ukajaa matofali ya kuchoma, mchanga wa mtoni, na mabati yaliyofika juu ya pikipiki yamekunjwa kama mikeka. Fundi mkuu alikuwa mzee wa mjini, Mwislamu mwenye kofia safi hata siku ya kumwaga zege, maneno machache, kichwa kigumu. Chumba kikubwa kilikuwa cha maonyesho, kina jukwaa la kufika gotini. Kidogo kilikuwa cha mazoezi, mavazi na ngoma. Ndiyo, ngoma. Watu walikuwa wanapita wanacheka, viziwi na ngoma wapi na wapi. Mwanzoni niliwaambia waweke kiganja ukutani ngoma inapopigwa. Baadaye nilichoka, nikawaacha wacheke.

Na huyo fundi tuligombana juu ya madirisha. Aliyaweka nyuma ya jukwaa, makubwa, ya kupendeza, na alikuwa anayaonea fahari. Asubuhi moja nikamsimamisha mtoto pale juu, nikamwita fundi nikamuuliza, unaona nini? Akasema, "Naona mutoto." Nikamwambia huoni mtoto, unaona kivuli. Mwanga uko mgongoni kwake, mikono yote imekuwa nyeusi. Huyu anaongea na wewe tangu umeingia, na neno moja hujalipata. Akamtazama yule mtoto, akavua kofia, akajikuna kichwa. "Mama wee, si ungesema mbele ya kupandisha huu ukuta?" Lakini aliyaziba, akafungua mengine ubavuni. Nilifurahi juma zima, na mimi si mtu wa kufurahi juma zima.

Katika watoto wote, mmoja aliufanya ule ujenzi kuwa wake. Alikuwa binti wa miaka kama kumi na sita, mkubwa wa bweni. Aliletwa kwetu akiwa na miaka tisa kutoka upande wa Wamaza, na baba yake mkulima, mama yake ameshafariki. Siku ile hakujua kama ana jina, wala kama watu wana majina. Alikuwa anavuta watu nguo tu. Kwao hawakumtesa, niseme ukweli. Walimlisha, walimvisha, walimpenda. Ila walikuwa na ishara tano za kumwambia: kula, maji, njoo, twende, lala. Kwetu akapata maneno, na alipoyapata, ee Mungu wangu, hakunyamaza tena. Msengenyaji, mgomvi, mwongo wa kuchekesha. Alikuwa ananiiga ninavyotembea nikiwa na hasira, wenzake wanakufa kwa kucheka nyuma yangu. Nilimpenda sana. Sikumwambia.

Mabati yalipokuwa yanapigwa misumari, baba yake alituma habari kwa mtu wa pikipiki anayefanya biashara njia ile. Yule mtu akatupa ujumbe kama alivyopewa, akiwa hajazima hata injini ya pikipiki: "Baba ya mutoto anasema hivi. Nilituma mutoto masomo, sasa nasikia munamujengea nyumba ya ngoma. Basi, nakuja kumutwaa. Kazi iko mingi huku." Binti alikuwa amebakiza miaka miwili apate cheti cha ushonaji. Direkta akarudisha jibu kwa pikipiki ileile: baba, njoo siku ya ufunguzi, utazame kwa macho yako, kisha uamue mwenyewe. Baba akakubali.

Nikamweleza binti. Alifuata mikono yangu mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja. Siku hiyo atakuwepo mtu wa kumwambia baba ninachosema? Nikamjibu, nitakuwepo mimi.

Siku ikafika. Viti vya plastiki tuliviazima mitaa mitatu. Walikuja wakubwa wa serikali, imamu, padri, akina mama wa sokoni, na wazazi waliotoka mbali na vumbi kichwani. Jenereta ilikuwa inakohoa nyuma ya ukuta. Direkta akanipa maikro nisimame pembeni ya jukwaa, nitoe kwa sauti kila kitakachosemwa kwa mikono. Baba wa binti alikaa mstari wa tatu na wazee wawili wa kwao, kofia kichwani, shati jipya ambalo bado lina mikunjo ya dukani. Viganja aliviweka juu ya magoti, na uso wa mtu aliyekuja kununua kitu asichokiamini.

Mchezo ulikuwa wa sokoni. Binti alikuwa muuza samaki wa moshi anayeapa kwamba samaki wake amekauka leo asubuhi, na samaki mwenyewe ni ubao. Watu walicheka kabla sijafungua mdomo. Alipomgeuzia mteja mgongo na kumkata jicho, imamu mwenyewe alijifunika uso kwa kanzu. Nikamtazama baba. Alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi kwa mkono wa shati, anamgusa mwenzake: "Wangu yule. Wangu." Nikasema moyoni, basi, ameshinda.

Laiti ingeishia pale. Wenzake walipokuwa wanainama kuaga, binti akatoka mbele, akasimama kwenye ule mwanga wa ubavuni, akamtazama baba yake. Haya hatukuyafanyia mazoezi. Akasema, kwa mikono, taratibu, kama mtu anayemwandikia mtoto ubaoni:

"Baba, leo umecheka na mimi. Nyumbani hujacheka na mimi hata siku moja. Nyumbani nakula, nachota maji, nalala. Mama alipokufa hakuna aliyeniambia. Muliangua kilio wote, nikafikiri munaumwa. Nilimtafuta shambani siku nyingi, peke yangu. Usinirudishe. Kule niko kama mbuzi anayelishwa."

Watu wote wakanigeukia mimi. Maikro ilikuwa mkononi.

Nimelifikiria lile tendo langu mara nyingi, na sitaki kulipamba. Kwetu mtoto hamwambii baba yake maneno kama yale hata chumbani, sembuse mbele ya wakubwa, wazee wa kwao wamekaa kulia na kushoto. Nilimwona yule baba na furaha yake, nikasema nitamwaibisha. Hilo ndilo zuri. Lisilo zuri ni kwamba nilitufikiria pia sisi wa shule, kwamba itasemwa mjini kote shule ile inafundisha watoto kutukana wazazi, na vyumba vyenyewe rangi haijakauka. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa kumeza mate. Nikasikia sauti yangu inatoka kwenye spika, tamu, yenye adabu:

"Baba, nakushukuru kwa kunileta masomo. Umenilea vizuri. Leo nakuomba baraka zako."

Makofi! Akina mama wa sokoni wakapiga vigelegele mpaka mabati yakaitika.

Sasa, mtu yeyote wa Kasongo anajua maneno yale ni ya nini. Binti huyasema siku anapotoka: siku ya harusi, siku amemaliza alichokifuata na anaondoka. Anashukuru, anaomba baraka, anakwenda. Mimi nimeyasikia harusini tangu nikiwa mdogo, ndiyo maana yalinijia bila kutafutwa. Nilitafuta heshima ya kufunika, nikaokota ile ya kuaga.

Baba akasimama. Alipanda jukwaani bila kuitwa, akaweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe, akamwombea dua kwa sauti, na ukumbi mzima ukaitikia amina. Kisha akawageukia watu. "Nilikuja hapa na mashaka. Sasa nimeona. Mutoto ameshukuru, ameomba baraka. Basi masomo amemaliza. Leo narudi naye nyumbani na furaha." Makofi tena. Direkta naye alipiga makofi, angefanya nini?

Binti alikuwa chini ya ule mkono, ananitazama huku anatabasamu. Akaniuliza kwa vidole vichache tu, karibu na tumbo, ili wengine wasione: amekubali?

Nikamjibu: ngoja.

Wageni wakaenda kwenye wali na nyama ya mbuzi. Nikamfuata baba nyuma ya ukuta mpya, alipokuwa ananawa kwa ajili ya swala, nikamwambia yote. Sikuzunguka. Nikamwambia baba, pale mbele nimekosa, mtoto hakusema vile, alisema hivi na hivi. Nilipofika kwenye habari ya mama aliyetafutwa shambani, mikono yake ilisimama juu ya kopo la maji. Nilifikiri imemwingia. Akaninyooshea macho, na hayakuwa ya hasira.

"Mama mwalimu, mimi nina huyu mutoto miaka kumi na sita. Sijasikia neno lake hata moja. Leo nimesikia, mbele ya watu wote. Sasa unanifuata huku pembeni, unaniambia haikuwa yeye?"

Nikasema ndiyo, haikuwa yeye. Ilikuwa mimi.

"Na haya ya sasa, iko nani?"

Nikasema nitamwita hapa hapa, arudie mwenyewe.

"Kwa mudomo ya nani?"

Nikasema kuna mwalimu mwingine, tumwite yeye. "Muko masomo moja," akasema, yaani shule moja, kauli moja. Nikataja barua, kwamba binti anajua kuandika, na hata kabla sijamaliza nilijua ni bure. Yeye hasomi. Barua pia angesomewa na mdomo wa mtu. Direkta alijaribu baada yangu, akaongea vizuri, akataja cheti na miaka miwili iliyobaki. Baba alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akasema mtoto ameshaombewa dua mbele ya watu, na dua hairudishwi mfukoni. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningejua la kufanya, maana kugombana naweza. Alikuwa mtu mwenye furaha, na furaha yenyewe nilimpa mimi.

Siku hizi natoa yote kama yalivyo. Matusi nayatoa, uongo nautoa. Kuna wazazi wawili watatu wasionisalimia sokoni kwa sababu ya hilo, na mimi siwalazimishi.

Siku ile baba alitaka waondoke mapema wakalale Lusangi kwa shemeji yake. Mtu wa pikipiki alikuwa tayari anafunga godoro la bweni kwa kamba ya mpira. Binti alikuwa kwenye chumba kidogo, anakunja mavazi ya mchezo na kuyapanga kabatini, kazi aliyojipa mwenyewe, bado ana masizi ya muuza samaki shavuni. Baba yake alifika mlangoni kabla yangu. Akamfanyia moja ya zile ishara zao tano, ile ya twende, kwa mkono mpana, uso wote umefunguka.

Binti akatazama ule mkono. Akachungulia nje, akaliona godoro. Kisha akanitazama mimi juu ya bega la baba yake.

"Ulimwambia nini?"

Nikamwambia. Neno kwa neno, nakushukuru, umenilea vizuri, naomba baraka zako. Mara hii sikupunguza wala sikuongeza. Alisoma mikono yangu kama alivyokuwa akiisoma tangu ana miaka tisa, bila kupepesa. Akalaza nguo aliyokuwa ameishika.

"Kwa nini?"

Nikainua mikono nimjibu. Akafumba macho.

Mtu asiyesikia akifumba macho, basi. Huna tena pa kupitia. Nilimgusa bega, akalitoa. Nilimshika kiganja, nikataka kumwandikia humo, akakunja ngumi. Alitoka nje akipapasa ukuta, macho yamefumbwa kabisa, akapita mbele ya sahani na viti na wageni, baba yake akimshika kiwiko na kuwaambia watu, kwa huruma, kwamba mtoto analia kwa kuaga wenzake. Akapandishwa pikipiki nyuma ya baba yake, kati ya mgongo na godoro. Mimi nilikuwa nimezunguka mbele ya pikipiki, mahali ambapo angeniona mara tu akifumbua. Nilisimama pale kwenye vumbi nikisema kwa mikono yote miwili, nisamehe, nisamehe, mpaka dereva akanipigia honi nitoke njiani.