Mtu wa Kungojewa

Cleophas Angwenyi alikuwa na gari dogo la kijivu, simu mbili, shajara aliyopewa bure na duka la vifaa vya ujenzi, na kipande cha chuma kilichopindwa ambacho kila jioni alikilaza kwenye buti la gari kwa uangalifu kama mtoto mchanga. Chuma hicho kilikuwa hendeli ya mikisa, ile mashine ya kuchanganya zege. Mikisa ya dizeli haina ufunguo. Huwashwa kwa kuzungushwa hendeli mpaka injini ikubali, na asiye na hendeli anaweza kuipiga mateke hadi jioni isitoe hata moshi. Cleophas alilijua hilo vizuri. Ndiyo sababu hendeli ililala nyumbani kwake Nyanchwa, ilhali mashine ililala Ikonge, mwendo wa karibu saa nzima kwa gari.

Alisema anaogopa wezi. Hakuna kibarua hata mmoja aliyemwamini. Walijua kwamba mkandarasi huyu aliogopa jambo moja tu duniani: kazi ianze yeye akiwa hayupo, na iendelee vizuri.

Ugonjwa huo aliupata ujanani, siku moja ya harambee huko Nyamira, alipokuwa akipanga viti vya wageni. Mgeni wa heshima alitarajiwa saa nne akafika saa nane. Watu walikuwa wamechomwa na jua, wazee wamesinzia, sufuria za chakula zimepoa. Lakini vumbi la magari lilipoonekana barabarani, wote waliinuka na akina mama wakaanza kuimba. Mtu mwingine angemhurumia yule mama aliyekuwa akipasha mchuzi moto kwa mara ya tatu. Cleophas alimwonea wivu mgeni. Alirudi nyumbani na fundisho moja tu, nalo akalishika maisha yake yote: mtu mkubwa hujulikana kwa idadi ya watu wanaomngoja.

Alipoanza kupata kazi za ujenzi, aliitumia shajara yake kwa namna ambayo aliyeichapisha hakuifikiria. Aliandika saa mbili asubuhi Masimba, saa mbili asubuhi Nyanchwa, saa mbili asubuhi Ikonge, siku moja, ukurasa mmoja. Si kwamba hakujua kuhesabu. Alipenda kukaa kitandani hadi saa tatu akijua kwamba sehemu tatu za Gusii kuna watu wanaotazama barabara kwa ajili yake. Simu zilipolia, alijibu akiwa bado na taulo kiunoni kwamba ameshapita Nyamira, wampe dakika tano.

Mwenye maduka ya Masimba alichoka kwanza, akatafuta mtu mwingine. Wa Nyanchwa akafuata. Ikabaki kazi moja tu, ya Ikonge, nyumba ya ghorofa ya Mwalimu Bosibori, mjane aliyestaafu na kuamua kujenga maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Ikimponyoka hiyo, Cleophas angebaki na shajara tupu na hendeli ya mashine ambayo hata haikuwa yake, kwa maana mikisa ilikuwa imekodiwa na Mwalimu mwenyewe.

Jumatatu hiyo kila kitu kilikuwa tayari kwa kumwaga slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa. Mbao zilikuwa zimefungwa, vyuma vimekazwa waya, saruji imefunikwa turubai. Nyapara wa kazi alikuwa Jeconia Owiti, fundi mpole kutoka upande wa ziwani, aliyezoea kuamka kabla ya ndege. Owiti alimweleza bosi wake jambo ambalo kila mtoto wa milima hii analijua: baada ya saa nane mchana mvua hunyesha. Na slabu humwagwa kwa siku moja, toka ukuta hadi ukuta. Basi waanze saa kumi na mbili asubuhi.

Jumanne Cleophas alifika saa tano, na saa nane mvua ikafika kama kawaida yake. Jumatano alikuwa kwenye kamati ya mazishi ya mtu asiyemjua. Alhamisi alipita saa saba, akakemea watu kwa uvivu, akaondoka. Vibarua kumi na wanane walishinda siku tatu wakiwa wameketi juu ya mchanga, wakiitazama mashine ambayo ingewashwa kwa nusu dakika.

Ijumaa akafika saa tano tena, akafungua buti, akatoa hendeli mbele ya watu wote, polepole, kama padri anayetoa kikombe.

"Mkubwa, leo ni Ijumaa," Owiti alimwambia. "Jua litatua tukiwa katikati."

"Wewe mwaga zege, bwana. Saa niachie mimi."

Wakamwaga. Siku hiyo mvua haikunyesha kabisa, hivyo Cleophas hakupata hata hiyo ya kusingizia. Ilipofika saa tisa, Owiti aliona wazi kwamba hawatamaliza, akapigilia ubao ulionyooka ili zege la siku hiyo liishie hapo, mahali ambapo fundi anayejua kazi huikata slabu akilazimika. Cleophas alicheka hadi akashika tumbo, akauliza ubao ni wa kuzuia zege lisikimbie kwenda kwao ziwani. Owiti aliendelea kugonga misumari.

Saa kumi na mbili na robo jioni Mwalimu Bosibori alitokea langoni akiwa ameshaoga na kubadilisha nguo. Yeye ni Msabato, na zaidi ya nusu ya vibarua ni Wasabato, na Sabato huingia jua linapotua. Makoleo yakawekwa chini moja baada ya jingine. Cleophas, ambaye naye ni Msabato kila inapomfaa, aliomba muda wa saa mbili tu. Bwana Mungu, alisema, anaelewa mambo ya kazi.

"Cleophas, nilikufundisha darasa la tano," Mwalimu alisema. "Hata wakati huo ulikuwa ukiingia baada ya kengele, ili darasa zima ligeuke likuangalie. Jua halitageuka."

Mwalimu alikwisha kumpigia injinia, naye alisema ubao wa Owiti umeiokoa slabu. Wachonge ukingo wake Jumapili alfajiri, waendelee, wamalize kabla ya mvua. Kwa hiyo Mwalimu alitoa sharti lake mbele ya vibarua wote.

"Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi. Ukiwa hapa, kazi ni yako mpaka paa. Usipokuwa hapa, sitakupigia simu."

Lazima isemwe kwamba Cleophas aliogopa. Jumapili aliamka saa kumi alfajiri, mkewe Emily akadhani kuna msiba. Aliendesha gari bila kusimama mahali popote, na dakika ishirini kabla ya saa kumi na mbili, alikuwa Ikonge. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amewahi. Ilimbidi afanye jambo moja tu lililobaki, ashuke na kusimama langoni.

Akaliona lango limefungwa, na hakuna mtu. Akajiona jinsi atakavyoonekana amesimama pale peke yake kwenye baridi, mikono mfukoni, kama kibarua anayetafuta kazi. Mwalimu angemkuta. Owiti angemkuta. Bosi amngojee nyapara? Hapana. Akarudisha gari nyuma, akaliegesha kando ya kituo cha kununulia majani chai, hatua kama mia mbili kutoka kwenye mjengo, akazima taa. Wacha wafike kwanza. Wacha watazame barabara kidogo. Mwalimu alisema hatapiga simu, lakini watu husema mengi wakiwa wamekasirika.

Alimwona Mwalimu akipita na mwavuli wake. Alimwona Owiti na vibarua, watatu watatu juu ya bodaboda. Saa kumi na mbili ikagonga. Cleophas akatabasamu, akaziweka simu zote mbili mbele yake, akangoja. Dakika tano. Dakika kumi. Alikagua mtandao, ulikuwepo. Aliongeza sauti ya mlio. Dakika ya ishirini simu moja ikalia, akaipokea kwa sauti nzito.

"Umefika?" Emily aliuliza.

"Nimefika. Wananingoja."

Ndipo aliposikia injini ikikohoa. Ikakohoa tena, ikashika, ikanguruma. Hakuna mashine nyingine Ikonge yenye sauti ile. Alishuka mbio, akafungua buti. Hendeli ilikuwa pale pale, baridi, imelala juu ya gunia lake.

Owiti ni Mkatoliki, na Jumamosi kwake ni siku ya kazi. Alikuwa amechukua kipande cha chuma kilichobaki na kumpelekea mchomeleaji, naye akakikunja kikawa hendeli kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Hayo tu ndiyo yaliyokuwa yakiulinda ukubwa wa Cleophas Angwenyi hapo Ikonge.

Alifika langoni akihema, hendeli mkononi.

"Nilikuwa hapa tangu kabla ya saa kumi na mbili," alimwambia Mwalimu, na ilikuwa kweli.

"Hapa wapi?"

Akageuka, akanyoosha hendeli kuelekea kituo cha chai. Mwalimu alilitazama lile gari la kijivu lililojificha nusu nyuma ya kibanda, akalitazama kwa muda mrefu. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyesahihisha daftari lile lile kwa miaka arobaini na kukuta kosa lile lile.

"Kazi amepewa Owiti," alisema, kisha akaenda kuangalia zege.

Nyuma ya Cleophas kibarua mmoja alikuwa akija na toroli lililojaa, akikimbizana na mvua ambayo ingenyesha saa nane.

"Mzee, sogea kidogo," alisema. "Unatuchelewesha."

Cleophas akasogea.