Niliosha matumbo ya utafiti mpaka yakang'aa, na hapo ndipo nilipoharibu

Wakuu, chamgei. Salamu kwa wa chai, wa maziwa, na wale mnasoma mkiwa kazini.

Mimi si wa kuandika sana. Huwa nasoma zenu tu nikicheka peke yangu. Lakini hii ilinitokea mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi. Chumvi yangu yote huishia kazini, mtaona.

Naitwa Chebet. Kwetu ni karibu na Litein, mama huchuma chai. Nilimaliza Form Four na alama za kuning'inia, kisha nikakuja huku Siongiroi kuosha matumbo kwa kichinjio kimoja kidogo.

Mbuzi akichinjwa, wanaume wanabaki na nyama, mimi nabaki na ya ndani. Nageuza utumbo, napaka chumvi, nasugua, namwaga maji, nasugua tena. Wateja wanajua: matumbo ya Chebet hayana mchanga.

Shida ni harufu. Sabuni haitoshi, ndimu haitoshi. Kanisani nakaa bench ya nyuma kando ya mlango. Hakuna aliyenituma huko. Ni vile tu nikikaa katikati, watu wanasogea na bench inaanza kuwa ndefu.

Huwa naicheka. Lakini chumba nimekodisha kina kikombe kimoja, na sijawahi kuhitaji cha pili. Mnanielewa.

Sasa.

Siku moja ya soko akaja dada na boksi la barafu na mkoba wa vichupa. Moraa, kwao Kisii, anasomea PhD. Sisi tukamuita Daktari hata kabla amalize kujitambulisha. Alitaka kipande cha utumbo mdogo kutoka kwa mbuzi wawili, na Mzee Rono, mwenye kichinjio, alikuwa amekubali.

"Na utajuaje mbuzi yangu ilikufa na nini?" Mzee akamchokoza.

"Ilikufa na kisu yako, Mzee."

Hapo nikampenda.

Akingoja, alikuja akakaa na mimi kwa jiwe langu la kuoshea. Si karibu na jiwe. Kwa jiwe! Nikamwekea chai kwa kifuniko cha thermos, akanywa, akaomba ingine.

Akaniambia ndani ya utumbo kuna ngozi laini sana. Seli za hiyo ngozi zina vidole vidogo, maelfu, vya kupokea chakula. Na ndani ya kila kidole kuna nyuzi zinazokisimamisha, kama miti ndani ya ukuta wa nyumba ya udongo. Hizo nyuzi ndizo anazisoma.

Macho hayawezi kuziona. Kuna mashine ng'ambo inaangalia kwa elektroni, si kwa mwanga. Unaweka kipande chembamba kuliko karatasi, piga picha. Inamisha kidogo, picha. Inamisha tena, picha. Halafu computer inaunganisha zote unaona kitu kizima, mbele na nyuma. Inaitwa electron tomography. Niliirudia mdomoni mara tatu nisiisahau.

"Kama vile mama anageuza kabeji sokoni kabla anunue," nikasema.

"Hiyo nitaiba," akasema. "Nitaambia profesa wangu ni yangu."

Wakuu, mimi ni mtu wa kuota. Kabla chai ipoe nilikuwa nishajiona na koti jeupe.

Mbuzi wa kwanza akachinjwa. Daktari alikuwa amepiga magoti kando ya gari lake akitayarisha dawa ya kugandisha. Akaita, "Chebet, nikatie kipande kama kidole chako, uniletee haraka!"

Nikakata. Nikakiangalia. Kilikuwa na utelezi na majani mabichi ndani.

Sasa niambieni ukweli. Mgeni amekunywa chai na wewe. Utampelekea kitu kichafu?

Nikakigeuza. Nikapaka chumvi, nikasugua na kidole gumba, nikasuuza na maji moto mara mbili. Kilitoka cheupe kama shati ya Jumapili. Nikakibeba kwa sahani, natabasamu.

Daktari alikigeuza kwa ncha ya kidole.

"Umekiosha?"

"Kabisa! Hakuna hata chembe."

Akakaa chini kwenye nyasi. "Chebet, ile ngozi nilikuja kutafuta imetoka pamoja na ule utelezi."

Vijana wa kisu walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. "Chebet ameosha PhD!" Hilo jina bado ninalo, ikiwa mnauliza.

Mimi sikucheka. Daktari hakunigombeza, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Alisema tu polepole kwamba ruhusa yake ni ya siku hiyo moja, dawa imebaki ya mbuzi mmoja, na utumbo ukikaa dakika chache tu bila dawa, ile ngozi inaanza kujimeng'enya yenyewe. Akasimama. "Huyu wa pili nitakata mwenyewe."

Akaenda kungojea upande ule mwingine. Jiwe likabaki langu peke yangu. Nilizoea kukaa hapo peke yangu, lakini sasa lilikuwa kubwa.

Mbuzi wa pili akafunguliwa. Daktari akaingiza mikono, na nikaona amepotea. Kwa vitabu utumbo umechorwa vizuri. Kwa mbuzi ni rundo lenye moto linateleza. Alivuta hapa, akavuta pale. Nilijua akiendelea hivyo atakiminya chote.

"Daktari," nikasema, "mimi sijui kuona. Lakini najua kushika."

Akanitazama. Akasogea.

Nilifumba macho, ndio huwa nafanya. Vidole vikapita kwa tumbo, vikafika pale utumbo mdogo unaanzia. Sikuvuta. Sikuosha. Nilikata kipande kama kidole, nikakiweka kwa mkono wake na uchafu wake wote. Akakikatakata kama punje za mchele, zikaingia kwa dawa.

Aliondoka jioni hiyo. Alichukua namba yangu, nikajua ni adabu tu.

Miezi ikapita. Kila simu ikilia naruka, ni mtu wa mkopo.

Halafu juzijuzi ikaingia picha. Ya kijivu tu. Lakini nikaona vidole vimesimama wima, vyote kimo kimoja, vimebanana, juu vimelingana kama shamba la chai la kwetu likishachumwa. Ndani ya kila kimoja nyuzi zimefungwa pamoja, na chini zimezama kwenye wavu wa nyuzi zingine. Daktari ameandika: "Hii ni yako, Chebet. Niandikie majina yako yote, nataka kukushukuru kwa thesis."

Nilitafuta mtu wa kumwonyesha. Mzee Rono akasema ni ufagio mzuri. Mama simu yake haina picha. Jumapili nilienda nayo kanisani, nikakaa nayo kwa bench ya nyuma, ikarudi nyumbani bila kuonekana na mtu.

Kwa hivyo nimeileta kwenu, angalau kwa maneno.

Funzo langu ni hili: kabla umsafishie mtu kitu chake, muulize anatafuta nini ndani. Kilichobaki mtajifunza wenyewe.

Bado nasugua matumbo, kazi ni kazi. Lakini siku hizi, kabla nipake chumvi, nashikilia kidogo na kidole gumba, taratibu, nikijua vile vidole vidogo viko hapo vimesimama vyote pamoja. Naviambia pole.

Kama na wewe bench yako huwa ndefu, andika hapa chini unafanya kazi gani. Nitawajibu wote mmoja mmoja. Chai iko, na juzi nilinunua kikombe cha pili.