Sonara Juu ya Paa

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, sonara jirani yetu wa Kiponda alipanda juu ya paa kufanya yoga. Alikuwa akisimama kwa mguu wa kushoto, akiukunja wa kulia nyuma mpaka unyayo ukagusa kisogo, vidole vyake vyembamba vikiushika taratibu kama mkufu wa mteja. Kisha siku moja akateleza ngazini, mguu wa kushoto ukavunjika. Alipopona alirudi pale pale, akishika ukuta, mkewe akimkinga kwa nyuma.

Asubuhi moja tukamsikia: "Niachie."

"Utaanguka!"

"Basi n'taanguka. Niachie."

Mkewe akarudi nyuma huku analia. Sonara akauachia ukuta, akaunyanyua mguu wa kulia. Ule uliovunjika ulitetemeka sana, kisha ukatulia. Mama, aliyekuwa akianika kanga kwenye paa letu, alinikamata mkono.

"Subhanallah," alininong'oneza. "Usikohoe, utamshtua."